Na ya Tano?

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa kidato cha sita, nilifeli. Sikuugua, sikufiwa, wala mwizi hakuniibia madaftari. Nilifeli tu, kama watu wengine wanavyofeli. Nikarudi nyumbani Tunduma na godoro langu na sanduku la bati, nikawaambia majirani kwamba matokeo yangu yamecheleweshwa. Yakacheleweshwa hivyohivyo mpaka watu wakachoka kuuliza. Nikajifunza kusuka, nikafungua saluni, nikaolewa na dereva wa malori, nikazaa mtoto wa kike. Maisha hayakuwa mabaya. Ila kila mwaka matokeo yalipotoka, na vigelegele vikasikika nyumba ya tatu, mimi nilifunga saluni mapema na kusingizia kichwa.

Mwaka mmoja nikachoka kuumwa kichwa. Nikamwambia mume wangu kwamba nataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nikifaulu niende chuo kikuu nikasomee ualimu. Alikuwa anafunga begi lake la safari, anakwenda kupakua mzigo Lubumbashi. Hakuinua hata kichwa.

"Rudia," akasema. "Ila mama mtoto, urudie mtihani. Usirudie kufeli."

Huyo ndiye mume wangu. Hana maneno mengi, lakini hayo machache aliyonayo yanatosha kumkosesha mtu usingizi.

Chuo kilitaka nifaulu vizuri masomo mawili kati ya matatu niliyokuwa nayo: Kiswahili, Jiografia na Historia. Kiswahili hakikunitisha. Jiografia alikuwa adui yangu wa siku nyingi. Mimi ukinipa ramani naigeuzageuza mpaka ielekee nilikokaa, na hata hapo bado mto unapanda mlima. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Kiswahili ningekipata, Jiografia ningeikosa, na kila kitu kilibaki mabegani mwa Historia. Historia ikinitupa, nimekwisha, na safari hii hakuna jirani ambaye angedanganyika kwamba matokeo yamecheleweshwa.

Nilisoma ninavyosuka, yaani kwa mdomo na mikono kwa pamoja. Madesa yangu, zile karatasi za muhtasari, niliyabandika kwenye kioo cha saluni, mteja akikaa anajitazama yeye na mimi natazama ukoloni. Nilijiwekea kanuni ambayo mwalimu wa tuisheni alitupigia msumari kichwani: swali la Historia hujibiwa kwa hoja tano. Nne hazitoshi. Ukiandika nne umemwachia msahihishaji mlango wazi wa kukukata. Kwa hiyo kila sababu ya kila vita na kila biashara niliipanga tano tano, kwa Kiingereza, maana ndicho mtihani unachotaka, na nilizisema kwa sauti kama mtu anayegombana. Wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walinizoea. Mmoja, mama mnene mwenye kicheko, alikuwa akiingia tu ananisalimu kwa Kibemba na kuniuliza, "Mulishani, bamayo, leo nani kamtawala nani?"

Hapa lazima niseme jambo ambalo sisi wa Tunduma hatulisemi kwa sababu tumezaliwa nalo. Tunaishi na saa mbili. Ng'ambo ya mpaka wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mteja wa kule akikuahidi kuja saa nne, unamuuliza papo hapo, saa nne ya kwenu au ya kwetu? Simu nazo zina tabia ya kuvuka mpaka bila pasi. Zikikosa mnara wa huku zinadaka wa kule, na saa inajirudisha nyuma yenyewe, kimya kimya. Kila mwezi yupo mgeni anayeachwa na basi la asubuhi kwa sababu hiyo, anabaki stendi na mabegi yake akibishana na simu. Sisi tunamcheka wiki nzima. Mimi nilikuwa kati ya wachekaji wakubwa.

Miezi michache kabla ya mtihani, wakwe zangu wakashuka kutoka Ileje. Mama mkwe nilikuwa nimemwomba mwenyewe aje anisaidie mtoto ili nipate kupiga msuli wa kusoma. Baba mkwe hakuombwa. Alikuja kwa sababu alikuwa amevunjika mguu, alipanda kuziba paa la ghala mvua ikimchungulia, na daktari alitaka awe karibu na hospitali.

"Nilimwambia asipande," mama mkwe akaniambia wakati tunampangia chumba cha uani. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye akaniuliza mkuu ni nani humu ndani. Haya, guu ndilo limejibu."

Kuja kwake kulinitia wasiwasi. Kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, hawakai meza moja. Ukimwona anakuja njiani unapisha kando na kugeuza uso mpaka apite. Vijana wao wengi wameshaachana na mambo hayo, lakini yeye hakuwa kijana na hakuachana na kitu chochote. Mimi nimekulia mjini, mpakani, mahali ambapo kila mtu anazungumza na kila mtu hata kama hawaelewani lugha. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia neno moja la yule mzee lililonilenga mimi. Hata shikamoo yangu ilikuwa na wakala: nilimpa mama mkwe, yeye akaifikisha, akaniletea marahaba yangu, wakati mwenyewe mwenye marahaba yuko hatua chache anakohoa.

Vichekesho vya hapo uani havikuwa na mwisho. Mimi nafua, yeye amekaa kwenye kigoda chake, mama mkwe katikati anachambua maharage.

"Mwambie mama wa mjukuu wangu maji yanamwagika," mzee angesema.

"Maji yanamwagika," mama mkwe angeniambia.

"Mwambie baba nimeona, asante."

"Ameona, anashukuru."

Na wote watatu tulikuwa tunasikia kila kitu. Siku nyingine nilitamani kucheka, siku nyingine nilitamani kupiga kelele. Nina hasira za karibu, nakiri, na mtu asiyenitazama usoni hunifanya nijione kama nimekosea jambo.

Kisha akahamisha kigoda. Mwanzoni alikuwa akiota jua mbele, karibu na geti, redio yake ndogo ya betri miguuni. Mimi kila nikitoka saluni nilikaa jikoni, kajiko ketu ka nje kalikojengwa kwa mabanzi, nikipika huku nasema hoja zangu tano tano kwa sauti. Siku ya tatu au ya nne mzee akabeba kigoda na redio, akajikongoja kwa magongo yake mpaka nyuma ya jiko, upande wa pili wa ukuta, nisikomwona. Nikajisemea, haya, kelele zangu zimemfukuza juani. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nikaamini moyoni kwamba hataki mke wa mwanawe asome, ila mila imemfunga mdomo asiweze kunikataza.

Niliamini hivyo mpaka jioni moja nilipokuwa nasonga ugali na kusema sababu za biashara ya watumwa kukomeshwa. Nikasema ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha ugali ukaanza kushika mabuja ya unga mbichi, nikahangaika nao, nikahamia swali jingine.

Nyuma ya mabanzi ikasikika sauti. "Mama. Muulize. Na ya tano?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni anamwosha mtoto miguu. Akanitazama. "Mzee anauliza, na ya tano?"

Nilibaki na mwiko hewani. Baba mkwe hakuwa anajua Kiingereza. Alijua kuhesabu tu, Kiingereza cha kuuza maharage kwa Wazambia, moja mpaka kumi na mpaka ishirini akijikaza. Hakuelewa ni nini kilikomeshwa wala nani alikikomesha. Lakini alikuwa amehesabu. Alikuwa amekaa kule nyuma siku zote hizo akihesabu, na kila siku zilikuwa tano, na leo zimekuwa nne.

"Mwambie baba naitafuta," nikasema.

"Anaitafuta."

"Aitafute," akajibu.

Tangu siku hiyo sikupumua. Nikiishia nne kwa uchovu, nasikia kikohozi nyuma ya mabanzi. Nikijaribu kumdanganya kwa kurudia ya tatu mara mbili, anakohoa mara mbili. Mama mkwe alisema hajawahi kumwona mumewe akifuatilia jambo namna hiyo tangu kahawa ilipopanda bei. Bado sikuwa na hakika kama ananisaidia au ananikomesha, maana mtu aliyekaa bure na mguu wa plasta anaweza kuhesabu hata inzi. Lakini ilipofika siku ya kwanza ya mtihani, hoja zangu zote zilikuwa tano tano, zimepangwa kama matofali.

Kituo changu cha mtihani kilikuwa shule ya hapohapo Tunduma, ng'ambo ya barabara kuu. Karatasi za asubuhi nilikwenda na nyota, karatasi za mchana niliondoka nyumbani kabla ya taarifa ya habari ya saa saba, kwa sababu mtihani unaanza saa nane na barabara yetu haiaminiki. Kiswahili kilikwenda vizuri. Jiografia ilikwenda kama nilivyotabiri, walinipa ramani na mimi nikawapa machozi. Karatasi ya kwanza ya Historia niliandika mpaka kidole kikaota sugu. Ikabaki karatasi ya pili, nayo ilikuwa ya mchana. Kila somo lina karatasi zake, na ukikosa moja, somo lote limekwenda na maji. Kwa hiyo mchana ule mmoja ndio ulikuwa umebeba chuo changu.

Siku mbili kabla yake, simu ikaja kutoka Ileje kwamba wifi yake mama mkwe, mke wa kaka yake, amefariki. Mama mkwe hakuwa na namna. Alijifunga khanga, akamchukua mtoto ili mimi nibaki na vitabu vyangu, akaondoka. Mzee na mguu wake hakuweza kusafiri. Mume wangu alikuwa kwenye foleni ya malori huko Congo. Tukabaki nyumbani watu wawili tusiozungumza, na mjumbe wetu kaenda msibani.

Tukabuni utaratibu, kama huo unaweza kuitwa kubuni, maana hakuna aliyeusema. Chakula kikiiva nilikiweka juu ya benchi nje ya jiko, nikapiga sufuria kwa mwiko mara mbili, nikaingia ndani. Nasikia magongo, nasikia kimya cha mtu anayekula, kisha nasikia mwiko ukigonga sufuria mara mbili, maana yake ameshiba, njoo uchukue vyombo. Nilijisikia kama mfungwa na askari jela, ila sikujua nani ni nani.

Siku yenyewe umeme ulikatika tangu asubuhi. Nilipika mapema, nikapiga sufuria, mzee akala, akapiga sufuria, nikatoa vyombo. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikatandaza madesa kitandani. Simu niliisimamisha dirishani ili niione saa. Niliitazama mara kwa mara na kila mara ilinipa moyo. Muda ulikuwa mwingi. Nilishangaa jinsi ulivyokuwa mwingi, nikajisifu kwamba nimejipanga vizuri kuliko siku zote. Nikapitia vita vya kwanza vya dunia bila papara, sababu tano na matokeo matano.

Sufuria ikagongwa mara mbili.

Nikainua kichwa. Mzee alikuwa ameshakula. Nikapuuza, nikaendelea kusoma. Sufuria ikagongwa tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Nikasema moyoni, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, labda sikumpakulia vya kutosha. Nikatoka uso nimeugeuza kando, nikachota ugali uliobaki na maharage, nikaweka juu ya benchi, nikapiga sufuria mara mbili, nikarudi ndani.

Hakula. Kabla hata sijakaa, sufuria ikaanza kulia, si mara mbili tena, ilipigwa mfululizo kama ya mtu anayefukuza nzige. Hapo hasira zangu za karibu zikafika. Nikasema kwa sauti, chumbani peke yangu, "Jamani, siku ya mtihani! Hata leo?" Nikavuta mto nikaziba masikio.

Kelele zikakoma. Nikautoa mto, nikasikia magongo. Sikuyasikia yakienda nyuma ya jiko, yalikuwa yanakuja. Yakapanda ngazi moja ya baraza, yakasita, yakapanda ya pili. Baba mkwe hakuwahi kukanyaga baraza lile nikiwa ndani ya nyumba. Yakasimama nje ya mlango wangu, na nikasikia anavyopumua, maana mguu ulikuwa bado mbichi.

"Mlango," akasema. Ndiyo, aliuambia mlango. "Mlango, mwambie aliye ndani."

Mlango haukufikisha ujumbe, na mimi niliyekuwa ndani nikainuka kitandani.

"Mwanangu," akasema. "Toka. Ledio imesoma habali za saa saba, imemaliza, imepiga na miziki. Wewe bado uko ndani. Mtihani huo unafanyika wapi, humo kitandani?"

Niliitazama simu. Bado ilikuwa haijafika hata saa saba. Kisha nikatazama juu kabisa ya kioo, pale panapoandikwa jina la mtandao, nikaona jina la kampuni ya ng'ambo. Umeme ulipokatika mnara wetu ulizimika, na simu ikavuka mpaka bila pasi. Mimi niliyezaliwa Tunduma, niliyewacheka wageni wote wa stendi, nilikuwa nimekaa kitandani kwangu katika saa ya Zambia.

Sikumbuki nilivyovaa. Nakumbuka nilifungua mlango na yeye alikuwa amesimama amenipa mgongo, kofia ameishusha kufunika uso mzima, magongo yote mawili kwapani. Hata wakati ule alikuwa anajitahidi asinione. Nilipita ubavuni mwake mbio. Nilipofika getini alipaza sauti nyuma yangu, bado uso umo ndani ya kofia.

"Kimbia! Usipande pikipiki, balabala imefungwa na magali! Kimbia!"

Na kweli. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani mbavu kwa mbavu, bodaboda zimesimama madereva wakila miwa. Nilijipenyeza katikati ya matela na matairi, peni mkononi, kandambili moja ikakatika ukanda nikaiacha. Utingo mmoja akanipigia kelele kutoka juu ya mzigo, "Sista, nani anakufukuza?" Nilikuwa nalia na kukimbia, nikiona mbele yangu miaka yote ile ya kufunga saluni mapema. Ukichelewa zaidi ya nusu saa hawakupokei, hiyo ndiyo sheria, hata uje na cheti cha daktari.

Mlangoni mwa chumba cha mtihani alisimama msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Wenzangu walikuwa wameinama wanaandika. Aliitazama saa ya ukutani, akatazama miguu yangu, mmoja una kandambili na mwingine una vumbi, akanitazama usoni.

"Wewe ni wa hapahapa Tunduma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na imekukuta na wewe." Hakuuliza ni nini. "Ingia. Dakika zako zilikuwa zinakwisha."

Nilikaa, nikafuta jasho na machozi kwa kiganja hichohicho, nikasoma maswali. Muda niliopoteza sikurudishiwa. Mwanzoni mwandiko ukawa wa kuku. Nilipofika hoja ya nne ya swali la mwisho, wasimamizi wameshaanza kutangaza kwamba muda umekaribia kwisha, na wenzangu wanapanga karatasi, nilitamani kuweka nukta na kulala. Nikamsikia akikohoa. Nikaandika ya tano.

Jioni niliporudi, kigoda kilikuwa nyuma ya jiko na redio inaimba. Sahani ya ugali niliyomwongezea ilikuwa palepale kwenye benchi, imefunikwa na sahani nyingine ili nile mimi. Nilitaka kwenda nyuma ya mabanzi nimpigie magoti. Sikwenda. Nilichukua mwiko, nikagonga sufuria mara mbili, polepole. Baada ya muda, upande wa pili, gongo likagonga ukuta mara mbili.

Mama mkwe aliporudi kutoka msibani alikuwa anajua tayari. Mzee mwenyewe ndiye aliyempigia simu kujishtaki, kwamba amesema na mke wa mwanawe, tena amemwita. Kwenye ukoo wao anayefungua mdomo kwanza hutoa kuku. Mama mkwe akaniletea mtetea mweusi, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

"Wa kwako huyu," akasema. "Mzee amelipa."

"Mama, si angemtuma jirani tu aje anigongee?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Ananiambia jirani alikuwa sokoni, na wewe ukipiga hesabu ya kumtafuta jirani mtihani umekwisha." Akaketi, akanyoosha miguu. "Nawe ulidhani hakupendi. Nilikuona ulivyonuna siku aliyohamisha kigoda."

"Si alikimbia kelele zangu?"

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kelele? Pale mbele malori yalikuwa yanamzuia kukusikia. Alihama asikose."

Nilikwenda chooni nikalia peke yangu, maana kulia mbele ya mama mkwe kulihitaji maelezo, na sikuwa nayo.

Matokeo yalitoka siku ya baridi kali, upepo wa Tunduma ukibeba vumbi kama umelipwa. Nilikuwa saluni, mteja nimemsuka nusu ya kichwa. Nilitafuta namba yangu kwenye simu, mtandao ukigoma na kurudi, nikaiona. Kiswahili nimefaulu vizuri. Jiografia imenitupa, kama tulivyoagana. Historia nimefaulu, na nimefaulu vizuri kuliko Kiswahili. Yule mama wa Nakonde, aliyekuwa akingoja zamu, alipiga kigelegele na kuniinua juu kwa mabega yake, akishukuru kwa lugha yake, natotela, natotela, kama vile ni yeye niliyemfaulishia. Nikamalizia kichwa cha mteja, nikafunga saluni mapema. Kwa mara ya kwanza sikusingizia kitu.

Baba mkwe alikuwa ameshatolewa plasta, na wiki ileile walikuwa waondoke kurudi Ileje. Nilimkuta palepale, nyuma ya mabanzi. Mama mkwe alikuwa uani na mtoto, akaniona usoni, akajua, akafungua mdomo apige kelele. Nikamwekea kidole. Nikaingia jikoni, nikasimama karibu na ukuta, na nikasema kwa sauti yangu ileile ya kusomea, ila kwa Kiswahili, ili safari hii asihesabu tu.

"Swali. Eleza sababu zilizomfanya mke wa mwanao afaulu."

Redio ikapunguzwa sauti.

"Kwanza, mama mkwe alimbeba mtoto kila kitabu kilipofunguliwa. Pili, mume alimkataza kurudia kufeli. Tatu, wateja walikubali kusukwa na mtu ambaye akili yake iko vitani. Nne, msimamizi wa mtihani alikuwa mtu wa Tunduma, anaijua saa yetu."

Nikanyamaza. Nilijua kitakachofuata, nilikuwa nimekisubiri tangu saluni. Redio ikazimwa kabisa.

"Mama," ikasema sauti nyuma ya mabanzi. "Muulize. Na ya tano?"

Mama mkwe akafungua mdomo anifikishie. Sikumngoja.

"Ya tano unaijua, baba," nikasema. "Ya tano ni wewe."

Hakukohoa. Upepo ulipita, mtoto akauliza kwa nini bibi analia, akaambiwa ni moshi, na jiko halikuwa na moto. Nikadhani nimemkosea heshima mzee, nimeharibu.

"Hapana, mwanangu," akasema, na hakusema na mama mkwe wala na ukuta. "Mimi nilipiga sufulia. Aliyekimbia ni wewe."

Nilikaa chini palepale jikoni nikaegemea mabanzi, nikalia bila kujificha. Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akaniangalia, akaangalia upande wa ukuta.

"Nimesikia nani kaanza kufungua mdomo," akasema. "Safari hii kuku unadaiwa wewe."

Nikamwambia akachague mwenyewe. Yule mtetea mweusi alikuwa ameshaangua vifaranga.